Aya ya Tisa

Wanafunzi wa darasa la tano walimwita Mwalimu Mbio, naye alijua. Alitembea kama mtu aliyeacha sufuria motoni, chaki mkononi, madaftari kwapani. Kengele ilipogongwa, yeye alikuwa ameshafika mlangoni, anahema na kutabasamu. Alikuwa na miezi mitano tu kazini na bado alipenda kila kitu: vumbi la chaki, madawati yaliyochongwa majina ya watu ambao sasa wana wajukuu, na zaidi ya vyote, kipindi cha kusoma kwa sauti, cha kwanza kila asubuhi.

Utaratibu ulikuwa ule ule siku zote. Kila siku habari mpya kutoka kitabu cha kusoma. Mtoto wa dawati la mlangoni anasoma aya ya kwanza, jirani yake ya pili, anayefuata ya tatu, watatu watatu kwa kila dawati. Habari ikiisha inaanza upya, mpaka watoto wote hamsini na mmoja wawe wamefungua vinywa.

Wote, isipokuwa siku ambazo mwalimu alimruka mmoja.

Jumatatu moja aliruka. Mtoto wa nane, msichana aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitufe chake cha kuzimia, alimaliza aya yake kwa madaha na kuketi. Wa tisa alikuwa binti wa fundi cherehani, aliyekaa mwisho wa dawati, ubavuni mwa dirisha. Binti alikwisha kushika ukingo wa dawati ili ainuke. Mwalimu alimtazama, akaona midomo inamtetemeka, huruma ikamjaa.

"Anayefuata," alisema, na chaki ikamwelekea mvulana wa dawati la nyuma ya binti.

Binti akaachia ukingo wa dawati.

Alikuwa na kigugumizi. Tangu muhula uanze, kila aliposimama kusoma, sauti ilisikika nyuma yake: nye-nye-nye-nye, kama gari linalokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Darasa zima likawa linavunjika mbavu. Wakampa jina la Injini, na mvulana aliyeianzisha sauti ile, huyo huyo wa dawati la nyuma yake, wakampa jina la Dereva. Mwalimu hakukaa kimya. Alimnyima Dereva mpira wiki mbili, akamsimamisha mbele ya wenzake aombe radhi. Dereva akaomba radhi vizuri mno, mkono kifuani, kama mtu anayeomba kura. Kesho yake injini ikalia kwenye foleni ya maji, ikalia nje ya choo, ikalia njiani kurudi nyumbani, kila mahali ambapo mwalimu hayupo.

Ndipo mwalimu alipobuni mbinu yake. Siku akimwona binti ametulia, amwite. Siku akimwona ana wasiwasi, amruke. Asiposoma hatachekwa. Hakumwambia mtu, lakini moyoni alijipongeza sana.

"Haya, aya ya tisa," alimwambia Dereva.

Dereva alisimama, akakitazama kitabu kama mtu aliyepewa viatu vya mwenzake. "Daraja la... la kamba li... lili... lilini..."

"Lilining'inia. Hukusoma nyumbani?"

"Nilisoma, mwalimu."

"Ulisoma nini? Umezembea. Kaa."

Darasa likacheka kidogo. Dereva akaketi, masikio yakimwaka, na alipokuwa anaketi mguu wake ukatoka chini ya dawati na kuupiga teke mgongo wa benchi la mbele. Binti wa fundi alishtuka. Mwalimu hakuona. Alikuwa ameshageukia ubao.

Mchana, watoto walipokwisha kutawanyika, mwanamke mmoja alipiga hodi mlangoni. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni, na vipande vya uzi mwekundu vilinata kwenye mkono wa blauzi yake. Akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika kifuani.

"Mwalimu, sikuja kugombana."

"Karibu, mama. Karibu sana."

"Huyu mwanangu kila asubuhi tumbo. Jumamosi hana tumbo. Jumapili jioni tumbo linaanza kupiga hodi. Zahanati wamempima mpaka wamechoka, hawaoni kitu. Halafu juzi nikamkuta anachomoa nyuzi za sketi ya shule, moja moja, macho yako mbali. Mimi ni fundi, mwalimu. Najua nguo iliyochakaa na nguo inayochakazwa."

Akatoa bahasha kwenye mkoba na kuiweka juu ya dawati, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Dada yangu atamchukua. Karibu na kwake kuna shule. Barua hii inataka sahihi ya mwalimu wa darasa kabla haijaenda ofisini. Nitakuja Ijumaa."

Mwalimu alijisikia kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Mama, nyumbani anasomaje?"

Uso wa fundi ukabadilika. "Ah, nyumbani! Mimi nakanyaga cherehani, yeye anakaa chini pale pembeni, mguu wake unaufuata wangu, kata-kata, kata-kata, anasoma. Anakwama, ndiyo, anakwama. Lakini kwangu nani anamkimbiza? Anarudia mpaka anaijua kama jina lake. Kila jioni aya moja, ile ya tisa."

"Kwa nini ya tisa?"

"Wewe ndiye mwalimu, halafu unaniuliza mimi?"

Jumanne asubuhi Mwalimu Mbio aliingia chumba cha walimu bila mbio. Mwalimu wa hesabu, mcheshi wa shule nzima, akaishusha miwani.

"Leo nani kakufunga breki?"

Akamweleza yote, mpaka barua. Mwalimu wa hesabu alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Wewe umehangaika na dereva," alisema. "Abiria je?"

"Abiria gani?"

"Toa dereva, toa binti, wanabaki arobaini na tisa. Kama hao wasingecheka, unadhani angepiga ile kelele mara ngapi? Mtu haendeshi basi tupu, dada yangu. Umewauliza wamepandia nini?"

Hakuwa amewauliza. Wazo hilo lilimpiga kichwani kama mpira, na mbio zikamrudia zote kwa mpigo. Hata kikombe chake alikiacha kikifuka moshi. Aliwagawia watoto vipande vya karatasi, akaandika maswali mawili ubaoni: *Mwenzako akizomewa nawe ukacheka, moyoni unasikiaje? Nini kingekufanya usicheke?*

"Msiandike majina," alisema. "Nitasema yaliyoandikwa. Sitasema nani kaandika. Neno langu hilo."

Kwa mara ya kwanza tangu ajiriwe, alisikia sauti ya penseli peke yake.

Wakati wa mapumziko alizimwaga karatasi zote mezani kwenye chumba cha walimu. *Nacheka ili wasinione mimi. Nisipocheka watasema mimi ni rafiki yake. Meno yangu yamepishana, wakimaliza kwake watahamia kwangu. Nacheka halafu nikifika nyumbani chakula hakipandi.* Mmoja alisema ukweli wake bila kupepesa macho: *Nacheka kwa sababu inachekesha.* Mwalimu alizipanga mafungu mafungu, akahesabu, akarudia kuhesabu.

"Thelathini na wanane!" alipiga kelele, na mwalimu wa hesabu akamwagikiwa na chai. "Wanaocheka kwa woga ni thelathini na wanane! Hawa hawamchukii. Wanajificha!"

"Futa kwanza suruali yangu, halafu ushangilie."

Zilibaki karatasi mbili chini ya rundo. Ya kwanza ilikuwa na mwandiko ulioegemea upande, na mwalimu aliyesahihisha mwandiko huo miezi mitano hakuhitaji jina. *Mwalimu akimruka yeye mimi napata aya yake. Mimi nimejifunza ya kumi. Nikikosea anasema nimezembea. Siku hizo naona hasira.*

Ya pili ilikuwa na herufi ndogo, zilizokaa kwenye mstari kama mshono. *Wao wananicheka. Mwalimu ananiruka. Sijui kipi kinauma zaidi.*

Furaha yote ikamshuka miguuni. Alizisoma mara tatu. Kisha vipande vikaanza kukutana: cherehani, aya ya tisa kila jioni, mtoto wa tisa katika mstari, Dereva na kitabu kama viatu vya mwenzake. Yeye mwenyewe alipokuwa darasa la tano alifanya hivyo hivyo! Ni mtoto gani asiyehesabu vichwa vilivyo mbele yake, akajua aya itakayomwangukia, akaisoma hiyo tu na kuziacha nyingine zijisomee zenyewe? Kila aliporuka, alimnyang'anya mmoja zamu aliyoitayarisha, na mwingine akamtupia asiyoijua. Halafu akamwita huyo mzembe.

"Mama yangu," alinong'ona. "Mtu ninayemtafuta ni mimi."

Jumatano hakufungua kitabu. Alisimama katikati ya darasa.

"Nani hapa huhesabu aya yake kabla zamu haijamfikia?"

Watoto hamsini na mmoja wakawa hawajui kuhesabu hata vidole.

"Mimi nilikuwa nahesabu," akasema, na kunyoosha mkono wake mwenyewe juu kabisa.

Mkono mmoja ukapanda nyuma. Kisha mwingine. Redio akanyoosha yote miwili. Mara darasa zima likawa msitu wa mikono na vicheko, wanatazamana, "Kumbe na wewe!" "Hata wewe, monita!"

"Basi anayewavurugia hesabu ni mimi," mwalimu alisema. "Kuna siku nawaruka watu. Nilidhani nawasaidia, kumbe nawaumiza, na wanaofuata nawaumiza pia. Nimekosea. Kuanzia leo simruki mtu. Asiyetaka kusoma peke yake ataniambia yeye mwenyewe, na atachagua mwenzake wasome pamoja. Hata kama ni wewe, Mheshimiwa Monita."

Kisha akaandika ubaoni kwa tarakimu kubwa: 38.

"Hii ni idadi ya wanaocheka mwenzao akizomewa kwa sababu wanaogopa wasije wakawa wao. Thelathini na wanane. Sasa nielezeni, kama ninyi nyote mnaogopa, mnamwogopa nani?"

Watoto waligeuka kushoto na kulia. Ilikuwa kama taa imewashwa ghafla chumbani na kila mtu akamwona mwenzake akiwa na nguo za kulalia.

"Mwalimu," Redio akasema polepole, jambo lisilo la kawaida kwake, "basi sisi ni wengi."

"Ni wengi mno!"

Wakacheza mchezo ambao mwalimu aliubuni pale pale. Mtu anasimama mbele, anaanza sentensi, ananyamaza katikati kadiri apendavyo. Wengine kazi yao ni moja: kusubiri. Hakuna kummalizia neno, hakuna kukohoa, hakuna kuguna. Redio alisimama akashindwa kunyamaza hata kwa sekunde mbili, darasa likalia kwa kicheko, naye mwenyewe akacheka kuliko wote. Dereva akaja mbele akijitanua. "Jana mimi na baba..." akaanza, akanyamaza. Macho hamsini ya kulia na hamsini ya kushoto yakamtazama. Sekunde kumi. Kumi na tano. Jasho likamtoka puani.

"Mwalimu, hapa mbele pana joto," alisema, na kurudi mahali pake haraka. Alipopita karibu na dirisha, hakumtazama binti wa fundi. Aliitazama sakafu.

Baada ya kengele mwalimu alimbakiza.

"Nilikuita mzembe nawe ulikuwa umesoma. Nisamehe."

Dereva alichanganyikiwa. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwomba radhi. "Haina neno, mwalimu."

"Hilo langu nimelibeba. Ile kelele ni yako. Uliianza kabla sijamruka mtu. Na hasira zilizofuata zilinihusu mimi, ukamshushia yeye. Hilo siwezi kukubebea."

"Nifanye nini sasa?"

"Sijui. Wewe ndiye unayejua ulichokifanya."

Binti wa fundi alikuwa anasubiri nje, mkoba kifuani. Mwalimu alichutama mpaka macho yao yakawa sawa.

"Nikuite, nikuache, au usome na Redio? Sema wewe."

Binti alifungua mdomo. Neno likagoma. Mwalimu akasubiri, meno ameyauma, na mikono ameifunga nyuma ili isije ikamsaidia.

"Na-na-nataka zamu yangu."

"Hata kama kuna mjinga mmoja atacheka?"

"Ha-hata."

Mwalimu nusura aruke juu kama mtoto.

Alhamisi binti hakuja.

"Tumbo," Redio alitangaza kabla hajaulizwa.

Kipindi kilianza vivyo hivyo. Aya ya nane ikaisha. Dereva akainuka nusu, akaitazama ile nafasi tupu, akamtazama mwalimu. Darasa zima likangoja kuona.

"Aya ya tisa ina mwenyewe," mwalimu alisema. "Tutaiacha. Soma ya kumi."

Dereva akaisoma ya kumi kama maji yanavyotoka bombani, akaketi akiwa ametanua kifua. Mchana, Redio alionekana akikimbia kuelekea kwa fundi cherehani, kitabu mkononi, kupeleka habari kwamba kesho wanasoma nyuki, ukurasa wa arobaini na mbili, na kwamba leo aya yake mwenyewe haikupewa mtu.

Ijumaa binti alikuja. Alikuwa amekonda uso, lakini alikuja, na mwalimu alipomwona anaingia alivunja chaki mbili kabla ya kuandika tarehe. Aya ya kwanza. Ya pili. Kwenye aya ya tano kivuli kikasimama dirishani: fundi, futi shingoni, amekuja mapema kuchukua barua yake. Mwalimu akamwashiria kwa mkono, *subiri kidogo, mama, tafadhali.* Barua ilikuwa mezani, haina sahihi.

Redio akamaliza ya nane.

Binti wa fundi akasimama.

Hakuna aliyekohoa. Kidole chake kililala chini ya neno la kwanza, midomo ikajaribu. "K... k... k..." Mwalimu alihisi neno hilo kwenye ulimi wake mwenyewe, likisukuma kutoka. Akalimeza. Watoto hamsini wamekaa wima kama wanaopigwa picha.

Ndipo ikasikika, chini ya dawati, sauti ndogo. Kata-kata. Kata-kata. Kiatu cha binti kinakanyaga sakafu. Nje ya dirisha fundi akashika kinywa chake.

"Kila nyuki anayerudi," binti akasoma, na kiatu kinakwenda, "m-m-m... m..."

Hapo sauti ikazima. Kiatu kikasimama. Sekunde tano, kumi. Na kutoka dawati la mwisho kabisa, mtoto mmoja, kwa mazoea tu, akaachia: "Nye-nye-nye..."

Mwalimu aligeuka kama upepo. Lakini hakuwahi kusema, kwa sababu kilichofuata hakikuwa kicheko. Hakikuwa kitu chochote. Ile kelele ilikwenda mpaka ubaoni, haikupata wa kuipokea, ikafa yenyewe. Yule mtoto akatazama huku na huku, akakuta nyuso zinamtazama yeye.

Dereva akageuka nusu kwenye benchi lake. "Tulia wewe!" alifoka. "Mimi ndiye ninayefuata. Unanivurugia hesabu!"

Na binti wa fundi, akiwa bado amesimama, kidole kwenye neno, akasema bila kugeuka nyuma:

"Shu-shuka usu-sukume."

Darasa likalipuka. Walicheka mpaka madawati yakatikisika. Redio alilala juu ya kitabu. Yule mtoto wa dawati la mwisho alicheka pia, uso kaufunika kwa mikono, na Dereva alipiga benchi kwa kiganja akirudia, "Shuka usukume! Shuka usukume!" Binti alikuwa anacheka. Mwalimu hakuwahi kuyaona meno yake kabla ya siku ile. Alikuwa na pengo moja upande wa kushoto.

Kicheko kilipotulia, hakuketi. Alisubiri. Safari hii yeye ndiye aliyewasubiri. Kisha kiatu kikaanza tena, kata-kata.

"M-mzingani hucheza mbele ya wenzake, ili wa-wajue maua yako wapi."

Akaweka kitabu chini, akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, kwa maana hakuna aliyepigiwa makofi kabla yake, na mwalimu alikuwa amewakataza wasifanye sherehe ya zamu ya mtu. Yeye mwenyewe alikuwa anabana vidole vya miguu ndani ya viatu kwa furaha. "Anayefuata," alisema, na sauti ikamtoka ya juu kama ya kifaranga.

Dereva akasoma ya kumi. Hakukosea hata nukta.

Wakati wa mapumziko fundi aliingia. Hakuketi. Aliitazama bahasha, akamtazama binti yake aliyekuwa ameshikwa mkono na Redio, ambaye alikuwa anamweleza mambo matatu kwa pamoja. Nyuma yao Dereva alikuwa anazungukazunguka, mikono mifukoni. Hatimaye akasogea.

"Lile teke," alimwambia binti, akitazama kiatu chake. "Na ile kelele. Mimi ndiye niliyeianzisha. Nisamehe."

Binti alimtazama. "Si-sijui bado," alisema.

"Sawa," alisema Dereva. "Nitasubiri."

Fundi akaivuta futi shingoni, upande mmoja, halafu upande wa pili. "Mwanangu, njoo. Barua hii hapa, mwalimu yuko tayari na kalamu. Mama mkubwa anakungoja. Unasemaje?"

Mwalimu akaificha kalamu mgongoni.

Binti hakujibu swali. Alifungua kitabu cha kusoma, akapindua ukurasa wa arobaini na mbili, akapindua mwingine, akaweka kidole na kuhesabu kimya kimya kushuka chini, moja, mbili, tatu, mpaka kidole kikasimama.

"Mama," alisema, "ya Ju-Jumatatu ni ndefu. Ina ma-maneno magumu ma-mawili. Leo jioni usifunge cherehani mapema."

Fundi akaichukua ile bahasha, akaipima kwa macho kama apimavyo kitambaa, akaikunja mara mbili.

"Karatasi nzito hii," alimwambia mwalimu. "Itanifaa kukatia kola."

Mwalimu Mbio hakusubiri hata kuaga. Alikuwa ameshatoka mlangoni, anakimbilia chumba cha walimu, na mwalimu wa hesabu, alipozisikia zile hatua zinakuja, akakinyanyua kikombe chake cha chai juu, mbali na suruali.